Jicho la Mwamuzi na Kitabu cha Kanuni

Hakuna mchezo wa ushindani usiokuwa na ubishi juu ya mwamuzi, lakini ni michezo michache iliyoupangia ubishi huo njia, muda na mpaka kwa uangalifu kama ilivyofanya softiboli, hasa linapokuja suala la mkimbiaji: kama alifika kwenye besi kabla ya mpira, kama aliikanyaga besi au aliiruka, kama aliondoka mapema kuliko alivyoruhusiwa, na kama aliyemzuia njiani alikuwa na haki ya kusimama pale alipokuwa. Maswali hayo yanafanana kwa sura, na mtazamaji aliye pembeni huyapigia kelele kwa namna ileile, ilhali mbele ya kanuni kila moja lina hadhi yake; lipo ambalo kocha hana ruhusa hata ya kulijadili, lipo ambalo anaweza kulipeleka kwenye kamati, na lipo ambalo mwamuzi mwenyewe analijua jibu lake lakini amekatazwa kulitamka mpaka aulizwe.

Wakazi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili za mkoa wa Kagera zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, hawahitaji kufundishwa ubishi wa uwanjani, kwa maana viwanja vya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo vimeuzoea kupitia soka na netiboli, na walimu wa michezo wanaoandaa timu za UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari wanajua jinsi penalti moja inavyoweza kuharibu urafiki wa shule mbili jirani. Wasichana wanaocheza rede, mchezo ambao kwa kawaida hauna mwamuzi kabisa, hubishana wao kwa wao kama mpira ulimgusa aliye katikati au ulipita kando ya sketi yake, na mara nyingi hukumu hutolewa na mwenye sauti kubwa zaidi. Softiboli haina mizizi ya namna hiyo katika wilaya hizi. Besiboli, mchezo mama wa softiboli, ilianza kufundishwa katika Shule ya Sekondari Azania ya Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa msaada wa Wajapani, na ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Uganda, mchezo huo ulipiga hatua kiasi kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani. Hata hivyo, mfumo wa kupinga uamuzi ulio ndani ya softiboli unamfaa mtu yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja akisema kwamba timu yake imeonewa, kwa sababu unamlazimisha kwanza aeleze ameonewa kwa namna gani.

Softiboli ilizaliwa ndani ya jengo mjini Chicago mwaka 1887, pale George Hancock alipobuni namna ya kucheza besiboli ukumbini wakati wa baridi, wachezaji wakitumia glovu ya ndondi iliyofungwa kamba kama mpira. Mchezo wa leo huchezwa nje, kwa timu za watu tisa na kwa awamu saba, na mrushaji hurusha mpira kwa mkono unaopita chini ya kiuno. Uwanja una besi nne zilizopangwa pembenne, kila moja ikiwa mita 18.29 kutoka kwa mwenzake, na ya nne huitwa besi ya nyumbani kwa kuwa mpigaji huanzia hapo na hurudi hapo ili timu yake ipate pointi. Mpigaji akishaupiga mpira hugeuka kuwa mkimbiaji, na timu inayolinda uwanja hujitahidi kumtoa kabla hajafika, ama kwa kumgusa na mpira mwilini, ama kwa mlinzi aliyeushika mpira kuikanyaga besi ambayo mkimbiaji huyo analazimika kuiendea, ama kwa sababu ndiye aliyeupiga mpira na sharti afike besi ya kwanza, ama kwa sababu nyuma yake kuna mwenzake anayekuja.

Umbali huo wa mita kumi na nane na ushei ndio chanzo cha ugomvi mwingi. Mchezaji mwenye kasi huumaliza kwa takriban sekunde tatu, na mpira uliochotwa chini na kurushwa kwa haraka hufika kwa muda karibu uleule, kiasi kwamba mwamuzi wa besi ya kwanza hawezi kuangalia mguu na mpira kwa wakati mmoja; anachofundishwa ni kukazia macho besi, auone mguu unapoikanyaga, na kutega sikio asikie mpira unapogonga ngozi ya glovu. Hukumu ya “ametoka” au “yu salama” kwa hiyo ni nusu ya jicho na nusu ya sikio, na wanaomzomea kutoka mbali, wenye jicho peke yake, wamekwisha pungukiwa na ushahidi kabla hawajafungua kinywa. Ili kupunguza migongano mahali hapo, softiboli imeweka besi ya kwanza yenye sehemu mbili, nyeupe ya mlinzi na ya rangi ya chungwa ya mkimbiaji, jambo ambalo limewaokoa wachezaji wengi na majeraha ya kifundo cha mguu bila kuumaliza ubishi.

Uamuzi wa aina hiyo, unaotokana na kile mwamuzi alichokiona, haupingiki. Kocha anaweza kumwomba kwa adabu amuulize mwamuzi mwenzake ikiwa mlinzi alimziba, na mwamuzi akiona inafaa atauliza, lakini hakuna mwamuzi mwenye mamlaka ya kutengua uamuzi wa mwenzake, wala hakuna kamati itakayokaa kesho yake kuamua kwamba mguu ulitangulia mpira. Ukali wa msimamo huu ulionekana tarehe 2 Juni 2010 mjini Detroit, katika besiboli ya kulipwa ya Marekani, ambapo mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo na alihitaji mmoja tu kukamilisha mchezo usio na dosari, tukio adimu kabisa katika historia ya besiboli. Mpigaji wa 27 alishindwa na mpira kwenye besi ya kwanza kwa hatua nzima, lakini mwamuzi Jim Joyce akatangaza kuwa yu salama. Joyce alipotazama picha baada ya mchezo alikiri hadharani kuwa alikosea, akaomba radhi, na Galarraga akamsamehe. Pamoja na hayo, kamishna wa ligi hakuubadilisha uamuzi, na kumbukumbu rasmi hadi leo zinamhesabu mkimbiaji yule kuwa alifika salama. Wapo wanaouona huo kuwa ukaidi, na kwa ligi yenye kamera kila kona hoja yao ina uzito, ndiyo maana kuanzia mwaka 2014 besiboli hiyo ilipanua matumizi ya picha za video hadi kwenye maamuzi ya besi. Uwanja wa shule hauna kamera, na kama kila alichokiona mwamuzi kingeweza kukatiwa rufaa, kamati ingebaki kusikiliza mashahidi wa pande mbili wakiapa vinginevyo, mchezo wa nusu siku ukageuka kesi ya wiki nzima.

Mambo hubadilika pale mwamuzi anapoona sawasawa lakini akatumia kanuni isivyo. Kwa mfano, mlinzi akiurusha mpira vibaya ukatoka nje ya uwanja, kanuni humpa kila mkimbiaji besi mbili, zikihesabiwa kuanzia mahali alipokuwa wakati mpira unaondoka mkononi mwa mlinzi huyo. Ikiwa mwamuzi atasema kwamba wakati huo mkimbiaji alikuwa hajaifikia besi ya kwanza, hilo ni jicho lake na limekwisha. Lakini akikubali kwamba alikuwa ameipita, kisha akampa besi moja badala ya mbili, amekosea kanuni, na kocha anayo haki ya kulalamika rasmi. Ndani ya tukio moja, basi, mna swali lililofungwa na swali lililo wazi, na ustadi wa kocha ni kuuliza lile la pili bila kupoteza pumzi kwa lile la kwanza. Anayeanza kwa kusema “hukuona vizuri” amejifungia mlango mwenyewe, ilhali anayeuliza “umempa besi ngapi, na umehesabu kuanzia wapi?” humlazimisha mwamuzi aitaje kanuni anayoitumia.

Malalamiko hayo yana muda mfupi mno: sharti yatolewe kabla ya mrusho unaofuata, na kocha au nahodha amwarifu mwamuzi kwamba timu yake inaendelea kucheza ikiwa na malalamiko. Mwamuzi huwajulisha wapinzani na mwandishi wa matokeo, kisha huandikwa hali halisi ya wakati huo, yaani awamu, idadi ya waliotolewa, besi zenye wakimbiaji na hesabu ya mpigaji, kwa kuwa malalamiko yakikubaliwa mchezo hurudiwa kuanzia hapo. Kocha aliyekaa kimya mpaka mrusho unaofuata, kisha akakumbuka kanuni akiwa njiani kurudi nyumbani, amechelewa.

Soka nalo linaujua mpaka huu kati ya jicho na kanuni ingawa mashabiki wake huusahau, kwani sheria zake zinasema uamuzi wa mwamuzi juu ya matukio ya mchezo ni wa mwisho. Mwezi Septemba 2005, katika mchezo wa kufuzu Kombe la Dunia kati ya Uzbekistan na Bahrain mjini Tashkent, Wauzbeki walifunga penalti huku mwenzao akiwa ameingia mapema ndani ya eneo la hatari. Sheria ilitaka penalti irudiwe, lakini mwamuzi kutoka Japani akawapa Bahrain mpira wa adhabu. Uzbekistan, iliyoshinda bao 1-0, ililalamika ikitaka ipewe ushindi wa mabao matatu, na FIFA ikakubali kwamba mwamuzi alikosea sheria, lakini ikaamuru mchezo mzima urudiwe. Marudio yakaisha 1-1, mchezo wa pili kule Manama ukawa suluhu, na Bahrain ikasonga mbele kwa bao la ugenini. Walalamikaji walishinda hoja wakapoteza safari.

Mkoa wa Kagera una kesi yake yenyewe, nayo inaangukia katika kundi jingine ambalo softiboli pia inalitambua, yaani malalamiko juu ya uhalali wa mchezaji. Tarehe 2 Aprili 2017 Kagera Sugar iliifunga Simba mabao 2-1 kwenye uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, na Simba ikadai kwamba beki wa Kagera, Mohamed Fakhi, hakustahili kucheza kwa kuwa alikuwa na kadi tatu za njano. Kamati iliyozoeleka kwa jina la Kamati ya Saa 72 iliipa Simba pointi hizo. Baadaye mwezi huohuo kamati nyingine ya shirikisho la soka la Tanzania, TFF, ikautengua uamuzi huo na kuzirudisha Kagera, baada ya mvutano ambao sehemu yake kubwa ilihusu utaratibu wa kuwasilisha malalamiko yenyewe. Msimu ulipomalizika, Yanga na Simba zilikuwa na pointi 68 kila moja, na Yanga ikachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Watu wengi waliofuatilia sakata lile waligundua kwamba kilichoamua mambo hakikuwa mguu wala kichwa cha mchezaji yeyote, bali karatasi, tarehe na ada.

Kundi la mwisho ndilo linaloitofautisha softiboli na michezo mingi inayochezwa kati ya Kayanga na Murongo. Mkimbiaji akiiruka besi bila kuikanyaga, au akiondoka kwenye besi kabla mpira uliopigwa juu haujadakwa, mwamuzi aliyemwona hasemi kitu. Hanyanyui mkono, hapigi kelele, wala haonyeshi kwa uso wake kwamba kuna kosa lililotendeka. Mkimbiaji huendelea, pointi huhesabiwa, na mashabiki hushangilia. Ni timu inayolinda uwanja peke yake yenye haki ya kudai, kwa mchezaji kumwambia mwamuzi wazi kwamba mkimbiaji fulani hakuigusa besi fulani, na dai hilo lazima litolewe kabla ya mrusho unaofuata na kabla walinzi hawajaondoka uwanjani. Hapo ndipo mwamuzi hulitamka alilolificha. Wasipodai, kosa hufutika kana kwamba halikuwapo. Kriketi ina desturi ya karibu na hiyo, kwa kuwa mwamuzi wake hamtoi mpigaji mpaka wapinzani waulize, na wapenzi wa timu ya Kenya iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003 watakumbuka wachezaji wakimgeukia mwamuzi kwa mikono iliyonyooshwa.

Si makosa yote ya mkimbiaji yanayosubiri kudaiwa. Softiboli, tofauti na besiboli, inamkataza mkimbiaji kuiacha besi kabla mpira haujaondoka mkononi mwa mrushaji, na akiiacha mapema mwamuzi husimamisha mchezo papo hapo na kumtoa bila kuombwa na mtu. Anayechanganya aina hizi mbili za kuondoka mapema, ile ya kabla ya mrusho na ile ya kabla ya mpira kudakwa, atajikuta anadai kisichohitaji kudaiwa au ananyamaza pale ukimya unapomgharimu.

Sababu ya ukimya wa mwamuzi inaeleweka vizuri zaidi kwenye viwanja vidogo. Katika karne ya 19 michezo mingi ya besiboli ilichezeshwa na mwamuzi mmoja, na Mike Kelly, nyota wa enzi hizo, alipata sifa ya kukata kona bila kuzipitia besi kila mwamuzi alipokuwa akiufuata mpira kwa macho. Mwamuzi mmoja hawezi kuchunga kila besi. Kanuni ya dai inawapa walinzi jukumu la kuangalia, kwa sababu aliye karibu na besi ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuliona kosa, naye mwamuzi hubaki mwenye kuthibitisha au kukataa. Inaweza kusemwa kwamba huu ndio utaratibu unaofaa zaidi kwa mazingira ya shule za vijijini, ambako mwalimu mmoja huwa mwamuzi, mtunza muda na msuluhishi kwa pamoja, japo utazaa matunda tu pale walinzi wanapozijua kanuni.

Kesi iliyoipa haki hii umaarufu ilitokea New York tarehe 23 Septemba 1908, timu ya Giants ikicheza na Cubs ya Chicago. Matokeo yalikuwa 1-1 katika awamu ya mwisho, wawili wakiwa wamekwisha kutolewa, Fred Merkle mwenye umri wa miaka 19 akiwa kwenye besi ya kwanza na mwenzake kwenye ya tatu. Pigo lililofuata lilimwingiza nyumbani yule wa besi ya tatu, mashabiki wakafurika uwanjani, na Merkle, akidhani kazi imekwisha, akakatisha kuelekea chumba cha wachezaji bila kufika besi ya pili. Johnny Evers wa Cubs akatafuta mpira katikati ya umati, akasimama juu ya besi ya pili na kumtaka mwamuzi Hank O'Day atamke. Kwa kuwa Merkle alilazimika kuifikia besi hiyo, kumtoa kulimaanisha kwamba pointi ya ushindi haikuwapo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba tarehe 4 mwezi huohuo, mjini Pittsburgh, Evers alikuwa ametoa dai kama hilo kwa mwamuzi huyohuyo, naye O'Day akalikataa kwa sababu hakuona kilichotokea. Safari hii aliona. Mchezo ukahesabiwa sare, ukarudiwa tarehe 8 Oktoba, Cubs wakashinda 4-2 na kuchukua ubingwa, huku kijana Merkle akibebeshwa lawama maisha yake yote kwa kitendo ambacho wachezaji wengi wa wakati huo walikuwa wakikifanya bila kudaiwa.

Upande wa softiboli, tukio linalofaa kutazamwa kwa makini ni la tarehe 26 Aprili 2008 huko Ellensburg, Marekani, kati ya vyuo vikuu vya Western Oregon na Central Washington. Sara Tucholsky wa Western Oregon, ambaye hakuwahi kupiga mpira ukavuka uzio katika maisha yake yote ya uchezaji, aliuvusha siku hiyo wenzake wawili wakiwa kwenye besi, lakini kwa furaha akaipita besi ya kwanza bila kuigusa. Alipogeuka ghafla ili airudie, goti lake liliachia, akaanguka. Wachezaji wenzake hawakuruhusiwa kumsaidia kuzunguka. Kocha wake alipowauliza waamuzi, walijibu kwamba akiingizwa mchezaji wa akiba pigo hilo litahesabiwa kuwa la besi moja tu, wale wawili waliokuwa mbele wakipata pointi zao. Ndipo Mallory Holtman wa timu pinzani alipouliza kama wao wanaruhusiwa kumbeba, na kwa kuwa hakuna kanuni iliyowazuia, yeye na mwenzake Liz Wallace walimnyanyua, wakamzungusha besi zote, wakimshusha kidogo kila mahali ili mguu wake wa kushoto uguse. Western Oregon ilishinda 4-2.

Dunia iliusifu uungwana ule, na ulistahili sifa, lakini msomaji wa kanuni anaona jambo jingine: waamuzi walikuwa wamekosea. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo kilieleza baadaye kwamba kanuni iliruhusu mchezaji wa akiba kumalizia mzunguko pale mkimbiaji anapoumia baada ya pigo la kuvuka uzio. Hilo halikuwa suala la jicho. Kila mtu aliona goti lilivyoachia. Lilikuwa kosa la kanuni, aina hasa ambayo malalamiko yaliwekwa kwa ajili yake, na kama mtu mmoja tu uwanjani angekuwa amekishika kitabu, Tucholsky angetibiwa mara moja na pointi yake ingehesabiwa bila kubebwa na mtu yeyote.

Besiboli ya kulipwa ya Marekani ilifuta utaratibu wa malalamiko rasmi mwaka 2020, ikiziachia kamera na waamuzi wa video kazi hiyo, na hivyo kuzika aina ya kesi ambazo ziliwahi kuwa na msisimko wake. Mojawapo ilianza tarehe 24 Julai 1983, pale George Brett wa Kansas City alipofuta uongozi wa Yankees ya New York kwa pigo la kuvuka uzio, kisha akatangazwa kutolewa kwa sababu gongo lake lilikuwa limepakwa utomvu wa msonobari kupita kiwango. Timu yake ililalamika, na rais wa ligi, Lee MacPhail, akakubali kwamba kanuni haikutumika inavyopasa, hivyo mchezo ukaendelezwa tarehe 18 Agosti kuanzia palepale. Waamuzi wa siku hiyo hawakuwa wale wa awali, na kocha wa Yankees, Billy Martin, akaiona nafasi: kabla ya mrusho wa kwanza aliagiza wachezaji wake wadai kwamba wakimbiaji wa mwezi uliopita hawakuzigusa besi, akijua kwamba hakuna mwamuzi aliyekuwapo uwanjani ambaye angeweza kuapa kuwa aliwaona. Mwamuzi mkuu, Dave Phillips, akatoa mfukoni hati ya kiapo iliyotiwa saini na waamuzi wa mchezo wa awali, ikithibitisha kwamba besi zote ziliguswa, akampa Martin aisome.